Mafuta Gani Uweke Kwenye Mashine ya Boti ya Zamani (Ile ya Kuchanganya na Oili)

Leo sizungumzii chakula cha samaki wala bei ya vifaranga. Nazungumzia mashine ya boti, tena zile kuukuu za kuchanganya petroli na oili, ambazo vikundi vingi vya vizimba huku Ziwa Victoria vinaanza nazo kwa sababu bei yake inafikika.

Utajiuliza, afisa ugani na mashine wapi na wapi? Hata mimi nilijiuliza hivyo siku ile ziwani. Diploma yangu ni ya ufugaji wa samaki, sio ufundi. Lakini mfugaji wa vizimba bila boti hana mradi. Chakula kinapelekwa kwa boti, samaki wanavunwa kwa boti, na wewe mwenyewe unarudi nyumbani kwa boti. Mashine ikifa, mradi umesimama, na wakati mwingine roho za watu ziko hatarini.

Naanza na kosa langu mwenyewe, halafu tuingie kwenye somo.

Siku mashine ilipojam

Kuna kikundi cha vijana nilichokuwa nakihudumia upande wa Buchosa, mkoani Mwanza. Walikuwa na vizimba vya sato na mashine ya farasi 15 waliyoinunua mkononi kwa mtu. Kila wiki walikuwa wanatumia madumu matatu ya lita 20 za petroli. Aliyewauzia aliwaambia wachanganye 50 kwa 1, yaani lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, na walifanya hivyo muda mrefu bila shida.

Siku moja tukawa tunapiga hesabu za gharama. Oili walikuwa wananunua shilingi 15,000 kwa lita. Mimi nikachukua ile chupa nikasoma maandishi, nikaona imeandikwa kwamba oili inafaa mpaka 100 kwa 1. Nikawaambia, "Vijana, mnapoteza hela. Tumieni nusu." Kwa kila dumu walikuwa wanaokoa mililita 200, sawa na shilingi 3,000. Kwa wiki ni 9,000. Wote tulifurahi, na mimi nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Wiki ya saba tukaenda kuvuna. Tulikuwa watu watano, maboya mawili, na kilo 280 za sato ndani ya barafu. Asubuhi ile kituo cha mafuta kilikuwa hakina petroli, kwa hiyo walinunua kwa mtu pale mwaloni anayeuza kwa chupa. Wakati wa kurudi, tukiwa katikati na mashine imefunguliwa mwisho, ikaanza kugonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo ndogo. Nguvu ikashuka, halafu ikazima ghafla. Kijana akavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikusogea. Mashine ilikuwa imejam.

Tulikaa kwenye maji zaidi ya saa nne. Kasia lilikuwa moja. Mchana upepo ukaanza kuvuma na boti ikawa inasukumwa mbali na nchi kavu. Yale maboya mawili tuliwapa wawili wasiojua kuogelea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ndio uliotuvuta mpaka mwaloni jioni. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka na barafu imeyeyuka. Samaki ambao wangeuzwa 8,000 kwa kilo waliuzwa 4,500.

Fundi alipofungua mashine, pistoni ilikuwa imechanika mikwaruzo mirefu na ringi zimeganda. Akanusa tenki, akadondosha tone la petroli kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Halafu akauliza, "Mlikuwa mnachanganya ngapi kwa ngapi?" Vijana wakakaa kimya. Mwenyekiti wao akasema taratibu, "Mia kwa moja. Bwana Samaki ndiye alituambia."

Kuchonga silinda na kuweka pistoni na ringi mpya ilikuwa shilingi 640,000. Hasara ya samaki ilikuwa 980,000. Jumla 1,620,000. Tulichookoa kwenye oili kwa wiki zote saba ni 63,000. Nilichangia matengenezo, lakini hesabu hiyo bado inaniuma mpaka leo. Baada ya hapo nilikaa na mafundi, nikasoma vitabu vya mashine, nikajifunza nilichopaswa kujua kabla ya kufungua mdomo. Ndicho ninachokuletea hapa.

Kwanza elewa kwa nini inachanganywa

Mashine ya gari, au mashine mpya ya boti ya mipigo minne, ina oili yake chini inayozunguka kulainisha vyuma. Mashine ya mipigo miwili haina hiyo oili. Petroli ikiwa imechanganyika na oili inapita kwanza kwenye chumba cha krenkshafti, inalainisha beringi na kuta za silinda, halafu ndipo inapanda juu kuungua. Maana yake ni kwamba mafuta unayoweka yanafanya kazi mbili, kusukuma boti na kulainisha vyuma. Ukikosea oili, vyuma vinasuguana vikavu. Ukikosea petroli, moto unawaka vibaya juu ya pistoni. Sisi tulikosea vyote viwili kwa siku moja.

Utaijuaje mashine yako ni ya mipigo miwili? Angalia kama ina kijiti cha kupimia oili. Kama haina kijiti wala mahali pa kumwagia oili ya injini, na inatoa moshi wa bluu kidogo unapoiwasha, basi ni hiyo. Angalizo: zipo mashine za mipigo miwili zenye tenki dogo la oili pembeni zinazojichanganyia zenyewe. Hizo kwenye tenki la petroli unaweka petroli tupu, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Muulize fundi kama huo mfumo bado unafanya kazi, maana kwenye mashine kuukuu watu wengi wameshaufunga na kurudi kuchanganya kwa mkono.

Petroli ya kuchagua

1. Petroli ya kawaida inatosha. Vijana wengine wanatafuta petroli yenye oktani kubwa wakidhani inaongeza nguvu. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Mashine nyingi za zamani zina mgandamizo mdogo, kwa hiyo oktani ya ziada haiongezi kitu zaidi ya gharama. Unachohitaji ni petroli safi, mpya na isiyochakachuliwa.

2. Usihangaike na risasi. Wazee wa mwaloni watakuambia mashine ya zamani ilizoea petroli yenye madini ya risasi, hivyo uongeze dawa fulani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa. Ni kweli magari ya zamani yalikuwa na shida, kwa sababu risasi ilikuwa inalinda vikalio vya valvu. Lakini mashine yako ya mipigo miwili haina valvu za namna hiyo. Moshi unatoka kwenye matundu ya ukuta wa silinda. Okoa hela yako.

3. Mafuta ya taa hapana. Hapa ndo penye ugonjwa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana. Yakichanganyika na petroli, yanalipuka kabla ya wakati wake huku pistoni bado inapanda. Ule mlio wa kugonga tuliousikia ndio huo. Joto linapanda, ringi zinaganda, pistoni inaungua. Utasikia kwamba India wavuvi wanatumia mashine za mafuta ya taa. Ni kweli, huko Kerala ni jambo la kawaida, lakini zile ni mashine zilizotengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo, mgandamizo wake umepunguzwa, na zinawashwa kwa petroli kwanza mpaka zipate moto ndipo zinahamishiwa mafuta ya taa. Yako sio hiyo.

4. Petroli yenye spiriti (ethano). Kwetu Tanzania hili sio tatizo la kila siku, lakini ndugu zangu wa Ziwa Nyasa lisikilizeni. Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethano inayotokana na miwa tangu mwaka 1982. Ethano inavuta maji. Yakizidi, ethano na maji vinajitenga na petroli na kukaa chini ya tenki, hapo hapo mpira wa mafuta unapofyonzea. Mashine inakunywa maji na ethano bila oili. Pia ethano inalainisha na kupasua mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Ukiwa na mashine kuukuu, tafuta petroli isiyo na ethano. Ukikosa, badilisha mipira iwe ya kisasa na usilaze petroli hiyo kwenye tenki.

Namna ya kupima petroli kabla hujalipa

Nunua kituoni kila inapowezekana. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isimvutie mtu kuyachanganya na mafuta mengine. Umepungua, lakini kwa muuzaji wa chupa hujui kilichomo. Ukilazimika kununua pembeni, fanya haya:

- Karatasi nyeupe. Dondosha tone moja, subiri dakika chache kivulini. Petroli safi inakauka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki alama ya mafuta inayong'aa, ujue kuna mafuta ya taa au dizeli. Kumbuka kipimo hiki ni kabla ya kuweka oili, maana oili nayo inaacha alama.
- Chupa angavu. Jaza petroli kidogo, iache itulie, itazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajikusanya chini kama gololi au mstari. Ukiona ukungu au uchafu, acha.
- Kupima ethano. Weka maji kidogo kwenye chupa, chora alama yalipofikia. Ongeza petroli mara kumi ya hayo maji, funga, tikisa, acha dakika kumi. Kama mstari wa maji umepanda juu ya alama, petroli ina ethano. Petroli uliyopimia usiirudishe kwenye tenki.

Kunusa nako kunasaidia ukizoea, lakini usikutegemee peke yake. Na ukipima, simama mbali na moto, sigara na jiko la mama ntilie.

Oili ya kuchagua

Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3. Hicho ni kiwango cha chama cha watengenezaji wa vifaa vya boti cha Marekani kwa oili za mashine za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Jina la kampuni halina uzito sana kama hayo maandishi. Mashine ya mwaka wa zamani kabla ya kiwango hiki nayo inaitumia bila shida.

Je, oili ya tu-stroku ya pikipiki au ya msumeno wa kukatia miti? Zile zimetengenezwa kwa injini zinazopozwa na hewa, ambazo zinakuwa na joto zaidi. Nyingi zina viambato vinavyoacha majivu vikiungua. Kwenye mashine ya boti, inayopozwa na maji ya ziwa na kukimbia kwa nguvu moja muda mrefu, hayo majivu yanajikusanya juu ya pistoni na kwenye plagi. Ukikwama ziwani na huna kingine, itakufikisha nyumbani. Usiifanye mazoea.

Oili ya injini ya gari, hapana. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari au jenereta, hapana kabisa, hata ukipewa bure. Ina masizi na unga wa vyuma, na unaipitisha moja kwa moja kwenye beringi zako. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa huvunja mashine.

Uwiano: sikiliza mashine, usisikilize chupa

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Chupa ya oili ilisema inafaa mpaka 100 kwa 1. Ilikuwa inasema ukweli, lakini kuhusu oili. Chupa inakuambia oili inaweza nini. Mashine ndiyo inayokuambia inahitaji nini.

Mashine inaongea wapi? Angalia kitabu chake, kibandiko ndani ya kava la juu, au kifuniko cha tenki lake la asili, maana kwenye nyingi uwiano umeandikwa hapo. Kama vyote vimepotea, chukua namba ya modeli kwenye kibao kilichopo kwenye bano la kufungia boti, mpelekee fundi au muuzaji wa vipuri akutafutie.

Kwa ujumla mambo yako hivi:

- 50 kwa 1 ndio uwiano wa mashine nyingi za boti za mipigo miwili unazozikuta mialoni.
- 25 kwa 1 au 24 kwa 1 ni kwa mashine za zamani sana. Pia mashine nyingi za 50 kwa 1 zinatumia 25 kwa 1 kwa saa kama kumi za mwanzo zikiwa mpya, au baada ya kuwekewa pistoni na ringi mpya. Fuata maelekezo ya fundi aliyeifunga.
- 100 kwa 1 ni kwa mashine chache tu ambazo kitabu chake chenyewe kimeandika hivyo. Miaka ya 1980 kuna watengenezaji walioshauri uwiano huo kwa mashine zao, baadaye wakarudi 50 kwa 1. Kama wenyewe walirudi nyuma, mimi na wewe tunakimbilia wapi?

Na kama huna uhakika kabisa? Egemea upande wa oili zaidi mpaka upate jibu sahihi. Oili ikizidi, mashine itatoa moshi, plagi itakuwa nyeusi, na masizi yatajaa. Kero, lakini plagi inasafishwa. Oili ikipungua, unaonana na fundi wa kuchonga silinda. Ila usizidishe ovyo: oili ikiwa nyingi kupita kiasi, petroli inakuwa pungufu kwenye mchanganyiko na mashine inakimbia vibaya.

Vipimo vya kubandika ukutani

Hesabu yake ni rahisi. Chukua lita za petroli, zidisha kwa 1,000, gawa kwa namba ya uwiano. Jibu ni mililita za oili.

Uwiano wa 50 kwa 1:
- Lita 5 za petroli, mililita 100 za oili
- Lita 10, mililita 200
- Lita 20, mililita 400
- Lita 25, mililita 500

Uwiano wa 25 kwa 1:
- Lita 5 za petroli, mililita 200 za oili
- Lita 10, mililita 400
- Lita 20, mililita 800

Vijana wengi wanapima kwa chupa ya soda. Chupa ya mililita 350 kwenye lita 20 inakupa kama 57 kwa 1, tayari umepungukiwa. Chupa ya maji ya nusu lita kwenye lita 20 inakupa 40 kwa 1, imezidi kidogo. Halafu dumu la lita 20 likijazwa mpaka shingoni huwa linazidi lita 20. Kwa hiyo hesabu lita kwa namba iliyosoma kwenye pampu, na nunua kikombe cha kupimia chenye mistari. Bei yake ni ndogo, na kinaondoa ubishi kwenye kikundi.

Kuchanganya

1. Teremsha dumu na tenki nchi kavu, liweke chini kwenye udongo. Usichanganye ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya mbao za boti ukisubiri cheche.
2. Weka oili yote kwanza, kisha petroli kidogo, kama robo. Funga, tikisa vizuri.
3. Ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena.
4. Mimina kwenye tenki kwa faneli yenye chekeche laini. Usimwage lile tone la mwisho chini ya dumu, ndiko maji na mchanga vilipo.
5. Andika kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito: uwiano na tarehe. Watu wawili wakichanganya dumu moja bila kujuana, mnapata 25 kwa 1. Kila mmoja akidhani mwenzake ameshaweka, mnapata petroli tupu, na hiyo inaua mashine ndani ya dakika chache.

Ukifika kwenye boti, legeza kiskrubu cha hewa kwenye kifuniko cha tenki kabla ya kuwasha. Wengi wanalaumu mafuta kumbe tenki limekosa hewa.

Mafuta nayo yanazeeka

Petroli ikikaa inapoteza ile sehemu inayowaka haraka na kuanza kutengeneza utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Joto letu linaharakisha hilo. Changanya ya kutumia wiki moja au mbili. Ikipita mwezi, sikushauri uende nayo ziwani. Mafuta ya akiba yahifadhi kivulini, dumu limejaa na limefungwa vizuri, kwa sababu dumu lililo nusu linatengeneza unyevu ndani usiku.

Kama boti itakaa zaidi ya wiki, mathalani mmeshavuna na mnasubiri vifaranga, chomoa mpira wa mafuta, mashine ikiwa kwenye maji iache iunguruke mpaka izime yenyewe. Kabureta itakuwa tupu na haitaganda utomvu.

Plagi ni daktari wako

Kila baada ya madumu machache, fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, mambo safi. Ikiwa nyeusi na mbichi, oili au petroli imezidi, au mashine inaunguruka taratibu muda mrefu. Ikiwa nyeupe au ina vipunje vinavyong'aa, simama hapo hapo. Mashine inapata joto kali. Kagua uwiano, petroli, na ule mkondo wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Maji yasipotoka, hakuna mafuta mazuri yatakayoiokoa.

Ukisikia kugonga ukiwa ziwani, usiendelee na mwendo ule ukitumaini utafika. Punguza mpaka mwisho, zima, acha ipoe. Sisi tungefanya hivyo, pengine tungerudi taratibu wenyewe.

Weka kwenye hesabu za mradi

Wewe ni mfugaji wa biashara. Andika kila safari: lita, oili, saa za kwenda na kurudi. Mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili ikifunguliwa mwisho inakula karibu lita 6 mpaka 8 kwa saa. Punguza mwendo kidogo, utaona dumu linavyodumu. Akiba ya kweli iko hapo, na ukiupunguza mwendo hakuna chuma kinachoumia. Beba mafuta kwa mafungu matatu sawa: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la dharura lisiloguswa.

Kile kikundi bado kipo. Mashine ni ileile, imechongwa na inakimbia. Kwenye ukuta wa banda lao la chakula wamebandika karatasi yenye vipimo vya 50 kwa 1, na pembeni kuna msumari umetundikwa kikombe cha kupimia. Maboya sasa yako matano. Nikienda kuwatembelea, mwenyekiti hunipa boya kwanza ndipo anisalimie, halafu huniuliza mbele ya wenzake, "Bwana Samaki, leo ngapi kwa ngapi?" Wote wanacheka. Na mimi hujibu kama mwanafunzi, hamsini kwa moja.

Kabla hujaenda ziwani wiki hii, fungua kava la mashine yako utafute ule uwiano. Ukiuona, uandike kwenye dumu. Kazi njema, na turudi wote salama.